Kuchemsha Maji ya Ziwa Hakutoshi

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi iliyo karibu na ufuo wa ziwa, katika sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Homa Bay, nilikuwa nikifundisha somo la usafi wa maji. Nilikwisha kuandika ubaoni maneno ambayo karibu kila mwalimu wa nchi hii amewahi kuyaandika: chemsha maji ya kunywa. Niliwaeleza wanafunzi habari za kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu, nikawaambia kwamba moto ni adui wa viini vyote. Ndipo mvulana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, maji tunayoteka siku hizi ni ya kijani. Tukiyachemsha, ule ukijani huenda wapi?"

Darasa lilicheka. Nami, nakiri leo, nilicheka pamoja nalo. Nilimjibu kwamba ukijani ule ni takataka tu, na kwamba moto ukishaua vijidudu, takataka iliyobaki haimdhuru mtu. Mvulana akaketi, kengele ikalia, nasi tukaingia katika somo la hesabu. Imenichukua muda mrefu kufahamu kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko jibu langu. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya, na kuwaomba walimu wenzangu wa Homa Bay na Migori wasirudie kosa langu.

Hebu kwanza tuuelewe ukijani wenyewe. Maji ya ziwa yanapogeuka rangi yakawa kama mtu aliyemwaga ndoo ya rangi ya nyumba ndani yake, au yanapofunikwa na utando mzito wenye harufu ya uozo, kwa kawaida tunachokiona si majani wala uchafu wa mashua. Ni mkusanyiko wa viumbe wadogo mno ambao wataalamu huwaita sainobakteria, na ambao watu wengi huwajua kwa jina la mwani wa kijani-buluu. Viumbe hawa wameishi duniani kwa zaidi ya miaka bilioni 2, na ndio walioijaza hewa oksijeni tunayoivuta. Kwa hiyo si wageni, wala hawakuumbwa kwa ajili ya kutuangamiza. Lakini wakipata joto, mwanga, maji yaliyotulia na chakula kingi, huongezeka kwa kasi ya kutisha. Baadhi yao wana vijipovu vya hewa ndani ya miili yao vinavyowawezesha kuelea juu, wakajilaza usoni mwa maji mithili ya mkeka.

Jambo ambalo sikulijua wakati ule ni kwamba baadhi ya viumbe hawa hutengeneza sumu. Iliyo mashuhuri zaidi katika ziwa letu huitwa maikrosistini. Sumu hii hulenga ini. Hupenya katika chembe za ini na kuvuruga kazi ya vimeng'enya vinavyozidhibiti chembe hizo. Akinywa nyingi kwa mara moja, mtu huweza kutapika, kuhara, kuumwa na tumbo na kichwa. Akinywa kidogo kidogo kwa miaka, ini lake hudhurika polepole bila yeye kuwa na habari. Ziko pia sumu nyingine za jamii hii ambazo hushambulia mishipa ya fahamu, na nyingine ambazo humfanya muogaji awashwe na ngozi na macho.

Sasa nirudi kwenye sufuria. Moto huua bakteria wa kipindupindu kwa sababu bakteria ni kiumbe hai, na uhai hauhimili maji yanayotokota. Maikrosistini, hata hivyo, si kiumbe. Ni kemikali, tena kemikali ngumu inayostahimili joto la maji yanayochemka. Tukichemsha maji yaliyojaa mwani, chembe za mwani hupasuka na kuimwaga sumu iliyokuwa ndani yao, na maji yanapopungua kwa mvuke, sumu hubaki pale pale na kuzidi ukali katika maji yaliyosalia. Yaani mama anayeamka alfajiri, akawasha kuni alizozitafuta kwa taabu, akachemsha maji ya kijani kwa uangalifu wote tuliomfundisha, huenda akawa anaongeza sumu katika kikombe cha mtoto wake. Na sisi walimu ndio tuliompa somo hilo.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mawazo ya mtu mmoja. Mwezi wa Agosti 2014, katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio nchini Marekani, watu wapatao 400,000 waliamka na kuambiwa na wakuu wa mji kwamba wasinywe maji ya mfereji, na zaidi ya hayo, wasiyachemshe. Maikrosistini kutoka Ziwa Erie ilikuwa imepenya mitambo ya kusafisha maji. Kwa muda wa siku tatu hivi, mji mzima ulinunua maji ya chupa au ukaletewa kwa malori. Huo ulikuwa mji wenye mitambo, maabara na fedha. Watu wake waliokolewa na kitu kimoja tu: kulikuwa na mtu aliyeyapima maji asubuhi ile na akawa na ujasiri wa kuwaambia watu alichokikuta.

Mahali ambapo hapakuwa na kipimo cha mapema, mambo yalikuwa mengine. Mnamo mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, nchini Brazili, maji yenye sumu hii yalitumika katika zahanati ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Zaidi ya wagonjwa 50 walifariki dunia kwa kuharibika ini. Miaka miwili baadaye, Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha tahadhari: maji ya kunywa kila siku yasizidi mikrogramu 1 ya maikrosistini kwa lita. Mwanafunzi wa hisabati atakumbuka kwamba mikrogramu 1 ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni. Hapo ndipo tunapoona ukali wa kitu tunachokizungumzia.

Kwa Mkenya, mfano ulio karibu zaidi ni sumukuvu ya mahindi. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na sehemu jirani, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafariki baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Sumu ile nayo ilishambulia ini. Nayo haikuondolewa na moto wa kupikia ugali. Kabla ya mwaka huo, mtu angesimama sokoni akasema kwamba ugali uliopikwa vizuri unaweza kuua, angechekwa kama nilivyomcheka yule mvulana. Leo hakuna mkulima asiyejua kuwa mahindi yenye unyevu hayawekwi ghalani. Tulijifunza, lakini karo tuliyoilipa ilikuwa maisha ya watu 125. Je, kwa maji ya ziwa tungoje karo ya namna gani?

Yuko atakayesema kwamba hizo ni hadithi za Marekani na Brazili, wala hazilihusu Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe. Naomba asome kazi za watafiti wetu. Tangu miaka ya 1980, mtaalamu Peter Ochumba aliandika habari za mwani uliozagaa katika upande wa Kenya wa ziwa hili na habari za vifo vya samaki wengi katika Ghuba ya Winam. Mwaka 2012, Lewis Sitoki na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mwani wa jamii ya Microcystis katika ghuba hiyo hutengeneza maikrosistini, hasa karibu na Kisumu. Mwaka 2018 ukachapishwa utafiti mwingine uliokuta sumu hiyo katika samaki wadogo wa ghuba, omena wakiwemo. Na mwaka 2020 wataalamu waliandika kuhusu hatari ya mwani huu kwa afya ya jamii za wavuvi wanaoishi kando ya maji ya Kisumu. Elimu hiyo ipo. Ila imefungiwa katika majarida ya Kiingereza, na kutoka maktaba ya chuo hadi mtungi wa mwanakijiji wa Kendu Bay ni safari ndefu ambayo hakuna aliyeagizwa kuisafiri.

Kwa nini ghuba hii hasa? Jibu limo katika umbo lake. Ziwa zima lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 na kina cha wastani cha mita 40 hivi. Ghuba ya Winam ni kama mfuko ulioshonewa ubavuni mwa ziwa hilo. Ni ya kina kifupi, na hupumua kupitia mlango mwembamba ulio kati ya Rusinga na Uyoma. Mlango mwingine mdogo, kati ya Mbita na Rusinga, ulizibwa kwa tuta la barabara katika miaka ya 1980 na ukabaki hivyo kwa miongo mitatu hivi kabla ya daraja kujengwa. Ndani ya mfuko huu huingia maji ya Nyando, Sondu-Miriu na mito ya Awach, yakiwa yamebeba udongo wa milima iliyokatwa miti, mbolea ya mashamba na uchafu wa miji. Vitu hivyo vina fosforasi, na fosforasi kwa mwani ni kama pumba kwa kuku. Baadhi ya sainobakteria wana uwezo wa kujichukulia naitrojeni kutoka hewani. Wakishapata fosforasi, hawana shida tena ya chakula.

Ndugu zetu wa Migori wasifikiri kuwa wamesalimika. Ni kweli kwamba Karungu na Muhuru hutazama ziwa pana, nje ya ghuba, ambako upepo na mawimbi huutawanya mwani kwa urahisi zaidi. Lakini upepo huo huo ukigeuka, huusukuma utando na kuurundika ufuoni, pale pale wanapoteka maji akina mama na wanapooga watoto. Isitoshe, Mto Kuja, unaopokea maji ya Mto Migori kabla ya kuingia ziwani, hupita katika nchi ya mashamba ya miwa, mahindi na tumbaku. Kila mvua kubwa inaponyesha nao ukageuka rangi ya chai ya maziwa, ni rutuba ya Migori inayosafiri kwenda kuulisha mwani. Mkulima hupoteza mara mbili: kwanza udongo wake, kisha maji yake.

Najua mzee mmoja wa kijiji atanijibu kwamba ziwa limekuwa na kijani tangu enzi za babu zake, na babu zake waliishi hadi uzeeni. Namheshimu mzee huyo, lakini ziwa lenyewe linampinga. Wataalamu waliochimba tope la chini ya ziwa na kusoma tabaka zake, kama mtu anavyosoma kurasa za kitabu, walikuta kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na kupanuka kwa kilimo na kuongezeka kwa watu. Maji aliyokunywa babu hayakuwa maji haya. Ziwa limebaki na jina lile lile, bali hali yake imebadilika.

Wako pia wanaohofia biashara. Husema kwamba tukipiga kelele kuhusu sumu, nani atanunua mbuta, ngege na omena wetu? Hofu hii si ya kupuuzwa, maana maelfu ya jamaa hula na kusomesha watoto kwa sababu ya samaki. Hata hivyo, historia inatufunza kinyume cha wanavyodhani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa ziwa hili kwa kuhofia kwamba baadhi ya wavuvi walitumia sumu za kuulia wadudu. Viwanda vilififia na wavuvi wakahangaika. Soko halikufunguliwa kwa kunyamaza. Lilifunguliwa baada ya ukaguzi na vipimo kuwaridhisha wanunuzi. Mwenye kipimo hujibu shutuma kwa tarakimu, na asiye nacho hana la kujibu ila kuapa. Zaidi ya hayo, mwani wenyewe ni adui wa mvuvi. Unapokufa na kuoza hula oksijeni ya maji, na samaki hukosa pumzi. Mwezi wa Novemba 2022, wafugaji wa samaki katika vizimba vya upande wetu wa ziwa waliamka wakakuta samaki wao wakielea, kwa kuwa maji yalikuwa yamekosa oksijeni. Kuficha ugonjwa wa ziwa hakumsaidii mvuvi hata kidogo.

Hapa sina budi kuweka mambo mawili wazi, ili nisieleweke vibaya. La kwanza, sisemi watu waache kuchemsha maji. Mwaka 2015 kipindupindu kilizikumba kaunti hizi mbili, Migori na Homa Bay, na kimezuka tena mara kadhaa tangu hapo. Atakayeacha kuchemsha kwa kuogopa mwani atakuwa amekimbia mvua akaingia mtoni. La pili, sisemi kwamba kila aumwaye ini ufuoni amelishwa sumu na ziwa. Ini lina maadui wengi, kuanzia virusi hadi pombe haramu na hiyo sumukuvu. Nisemalo ni kwamba somo letu ni nusu ya somo, na nusu ya somo yaweza kuwa hatari kama ujinga, kwa kuwa humfanya mtu ajione salama wakati hayuko salama.

Nusu iliyobaki ni hii: chagua maji kabla hujayachemsha. Maji yenye utando wa kijani, au yanayofanana na rangi iliyomwagwa, au yanayonuka uozo, yasitekwe kamwe kwa kunywa wala kupikia. Yatafutwe maji ya mbali na utando, au ya kisima kilichochimbwa mchangani hatua kadhaa kutoka ufuoni, kwa kuwa mchanga huchuja chembe nyingi za mwani. Kisha maji hayo yachemshwe, maana mchanga hauaminiki kwa kipindupindu. Kuchuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa hupunguza mwani, lakini hakuondoi sumu iliyokwisha kuyeyuka majini. Tembe za klorini za nyumbani nazo zilikusudiwa viini, si sumu hii. Hata katika mitambo ya miji, yafaa mwani uondolewe kwanza kwa shabu na mchujo, ndipo klorini ifuate. Mambo yakigeuzwa, klorini huzipasua chembe na kuimwaga sumu.

Watoto wasioge wala kuogelea penye utando, wala mifugo isinyweshwe hapo. Mwaka 2020 nchini Botswana zaidi ya tembo 300 walikufa, na serikali ya nchi hiyo ikatangaza kuwa sababu ilikuwa sumu ya sainobakteria katika mabwawa. Ikiwa tembo huanguka, ndama wa mwanakijiji atasimamaje? Kuhusu samaki, sumu hujilimbikiza hasa katika ini na matumbo. Kwa hiyo samaki mkubwa atolewe matumbo yote na aoshwe kwa maji safi. Omena huliwa mzima, na hapo ndipo penye kazi ya wataalamu wa serikali: wampime mara kwa mara, hasa yule anayevuliwa ndani ya ghuba wakati wa mwani, na watutangazie matokeo. Siwaambii watu waache omena. Kwa nyumba nyingi ndiyo nyama ya pekee ya mtoto, na kumnyima mtoto protini kwa hofu isiyopimwa ni kosa jingine.

Nageukia sasa shule, maana ndiko makala haya yanakoelekea. Mtaala wa umilisi unatutaka tuwafundishe wanafunzi kutenda na kuchunguza, si kukariri. Basi ni uchunguzi gani ulio bora kwa shule ya Mbita, Sindo, Karungu au Muhuru kuliko ule wa maji yaliyo mlangoni pake? Mwalimu na ajaze maji ya ziwa katika chupa angavu, aifunike na kuiacha mahali palipotulia usiku kucha. Asubuhi, ikiwa kijani kimepanda na kufanya tabaka juu, yaelekea ni sainobakteria wenye vijipovu vya hewa. Kikizama chini, yaelekea ni mwani wa aina nyingine au udongo. Achukue pia kijiti kirefu akichovye katika utando. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele, huo ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa kama kwa rangi, hiyo ni dalili ya hatari. Kazi hii ifanywe na mwalimu mwenyewe akiwa amevaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi, na wanafunzi wakitazama kwa umbali. Hakuna kipimo kati ya hivyo kinachothibitisha sumu, maana hilo ni la maabara. Lakini vyote viwili huonyesha ni lini pafaa kuwa na wasiwasi, na havigharimu hata shilingi kumi.

Wanafunzi wa sekondari waweza kufanya zaidi. Wachore sahani ya bati kwa rangi nyeupe na nyeusi, waifunge kwa kamba yenye alama, waiteremshe majini kutoka gatini wakiwa na mwalimu wao, na waandike ni kwa kina gani inapotea machoni. Waandike tarehe, mvua, upepo, rangi ya maji na harufu. Shule kumi zikifanya hivyo kila juma kwa miaka mitatu, kaunti itakuwa na kumbukumbu ambazo hata chuo kikuu kingezitamani. Na vyuo vikuu haviko mbali: Rongo kiko Migori, na Tom Mboya kiko mjini Homa Bay. Mhadhiri wa huko atakayefunga safari hadi shule ya ufuoni, akaeleza kwa Kiswahili au Kijaluo yale anayoyaandika kwa Kiingereza, atakuwa amewatendea wananchi jambo la thamani kubwa.

Liko pia paa la shule. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati hutoa lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10, hutoa lita 1,000, kasoro kidogo zinazopotea. Hiyo ni hesabu ya darasa la sita, na ndiyo jibu la karibu zaidi kwa shule iliyozungukwa na maji isiyoweza kuyanywa. Mfereji wa bati na tangi ni gharama, sikatai. Lakini tumekuwa tukijenga malango ya fahari shuleni ilhali mvua inamwagika bure uani.

Kwa upande wa wakuu wa serikali, nina neno moja. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Huduma za maji na usafi zimekabidhiwa kaunti. Basi kaunti za Homa Bay na Migori, zikishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, yaani KMFRI, ziyapime maji ya fuo zinazotumiwa na watu wengi, na matokeo yabandikwe penye kila ufuo na kutangazwa katika redio za lugha za wenyeji. Bendera nyekundu ikipandishwa gatini siku ya utando, hata asiyejua kusoma ataelewa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Lakini hata cha nguoni huonekana mtu akikubali kuitazama nguo yake.

Nawaza mara nyingi kuhusu yule mvulana. Sijui maisha yalimpeleka wapi. Kama anasoma gazeti hili, jibu langu ni kwamba ukijani ule hauendi popote. Hubaki ndani ya maji, na sumu yake ikiwemo hubaki nayo, na sufuria haina uwezo juu yake. Ulikuwa na haki ya kuuliza, nami nilikuwa na wajibu wa kusema kuwa sijui, kisha nikatafute.

Mwalimu utakayeingia darasani kesho kufundisha usafi wa maji, andika ubaoni kama nilivyoandika mimi: chemsha maji ya kunywa. Kisha usifute chaki mikononi upesi. Juu ya mstari huo, si chini yake, andika mwingine: maji ya kijani yasitekwe. Na mwanafunzi wa nyuma akiinua mkono, mwache aulize.